Picha ya mkataba haikorogi rangi

Mhariri,

Kila chuo kikuu kinapotiliana saini na kampuni, mnatuletea picha ileile: wakubwa wawili wameshikana mikono, faili limefunguliwa mezani, nyuma yao bango lenye neno "ubunifu". Naomba nafasi niseme kisichoonekana kwenye picha hiyo.

Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha rangi za nyumba. Wakati fulani wahadhiri walituletea mchanganyiko wao mpya. Maabarani, ndani ya bika la kioo, ulikuwa laini kabisa. Tulipoupeleka kwenye tangi la lita 2,000 ukatoka mabonge mabonge. Kikao cha kwanza kikawa cha kutupiana lawama: wao wakasema malighafi zetu hafifu, sisi tukasema hesabu zao ni za vitabuni. Aliyekuwa na jibu ni mzee mmoja wa zamu ya usiku, mkorogaji, ambaye hakuna aliyemwita kikaoni. "Poda mnaimwaga kwa mkupuo," alisema, "na mota ikikoroga, joto linajikusanya katikati, halina pa kutokea." Kwenye bika dogo joto hutoroka upesi kupitia kioo. Wahadhiri wakakaa naye zamu mbili, wakapiga hesabu ya kasi ya kumimina, na tangi lililofuata likatoka safi.

Wala si sisi tu. Insulini, dawa ya kisukari, ilipogunduliwa Chuo Kikuu cha Toronto, mgonjwa wa kwanza alidungwa Januari 1922, lakini kuitengeneza kwa wingi kukawatoa jasho. Mwezi Mei mwaka huo chuo kikakubaliana na kampuni ya dawa ya Eli Lilly, na mkemia wa kampuni hiyo, George Walden, ndiye aliyepata njia ya kuifanya iwe safi na imara zaidi. Chuo nacho hakikulala: wagunduzi walikiuzia haki zao kwa dola 1 kila mmoja, na Lilly ikapewa muda tu wa kuwa peke yake, kisha wengine wakaruhusiwa kutengeneza.

Kuna watakaosema kikwazo ni hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Ni kweli kwa kiasi. Marekani ilibidi itunge sheria ya Bayh-Dole mwaka 1980 ndipo vyuo vikapata ruhusa ya jumla ya kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali na kuzipa kampuni leseni. Ila hati ya umiliki haimfundishi mtu kukoroga.

Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala. Meneja hupimwa kwa mauzo. Huyu anataka kuchapisha kesho, yule anataka siri isitoke kamwe. Hapo dawa ni nyepesi: makala isubiri miezi michache, hataza iombwe kwanza. Kigumu ni kumtoa mhadhiri ofisini akavae ovaroli muhula mzima, na chuo kiuhesabu muhula huo kwenye cheo chake. Viwanda navyo viache kuwaweka wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye mashine ya fotokopi. (Nimeona aliyemaliza wiki nane hajui mlango wa karakana.)

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Picha hizo endeleeni kuzitoa, lakini baada ya mwaka mmoja mpiga picha arudi palepale, aombe kuonyeshwa tangi, na amtafute mtu wa zamu ya usiku.

Msomaji wako,
Fundi wa kiwanda cha rangi