Malalamiko kuhusu puli ya krenki mliyosema "inafunga moja kwa moja"

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: PULI YA ALUMINI ISIYOLINGANA NA INJINI MLIYOTHIBITISHA KUWA INALINGANA NAYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwalalamikia kwamba puli ya alumini niliyonunua kwenu, inayofungwa kwa bolti kwenye ncha ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na kuzungusha mkanda wa mbele, imeula mkanda huo. Jibu lenu la pili nimelipata, nalo linarudia yaleyale ya mwanzo: mkanda umeliwa kwa sababu bolti haikukazwa inavyotakiwa, na dhamana haipo kwa kuwa aliyefunga puli si fundi wenu. Jibu hilo silikubali. Safari hii naandika kwa vipimo, na naomba nijibiwe kwa vipimo.

Kabla sijalipa niliwatumia namba ya injini yangu, ya silinda nne, mkathibitisha kwa maandishi kwamba puli "inafunga moja kwa moja bila kubadilisha chochote". Fundi wangu aliitoa puli ya kiwandani kwa kivutio, yaani kifaa cha kuivuta itoke, si kwa nyundo, kwa sababu kuigonga puli ni kuipiga krenki pamoja na beringi zinazoizuia isisogee mbele na nyuma. Akaweka bolti mpya, kwa kuwa ya injini hii ni ya kutumika mara moja: hukazwa mpaka ivutike kidogo, na ikishavutika haifai kurudishwa. Akaikaza kwa spana ya torki kama kitabu cha watengenezaji wa injini kinavyoagiza, kwanza kwa Newton mita, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza, kisha kwa kuizungusha digrii zilizoandikwa.

Sasa tazameni karatasi ya maelekezo mliyoiweka kwenye boksi. Imeandikwa: "kaza vizuri kwa mashine ya hewa". Basi. Hakuna Newton mita, hakuna digrii, hakuna neno kuhusu bolti mpya wala urefu wa mkanda. Kampuni iliyoona maneno hayo yanatosha ndiyo leo inanihukumu kwa ukazaji.

Injini ilipowashwa, mkanda ulianza kupiga kelele, hasa AC ikiwa imefunguliwa. Baadaye ukingo wake wa nje ukaanza kuchanika nyuzi, vumbi jeusi la raba likajaa juu ya tenshena (kikaza mkanda), kisha mafuta yakaanza kuvuja nyuma ya puli. Tulipoitoa, tulikuta mambo mawili.

La kwanza ni mstari wa mkanda. Tuliweka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa puli ya altaneta (inayochaji betri) na ya pampu ya maji: zote ziko kwenye mstari mmoja. Puli yenu imejitokeza mbele kwa milimita 2.5. Mkanda wa aina hii, wenye matuta sita ya urefu upande wa ndani, una milimita 3.56 kutoka tuta moja hadi jingine, kwa hiyo puli yenu inauvuta kando kwa zaidi ya theluthi mbili za nafasi hiyo. Hakuna mkanda unaovumilia hali hiyo, na hakuna ukazaji wa bolti unaoweza kuirudisha puli nyuma ikiwa kitovu chake kimechongwa kirefu kupita kiasi.

La pili ni kuyumba. Tuliegesha saa ya kupimia kuyumba kwenye ukingo wa puli tukaizungusha injini kwa mkono. Sindano ilitembea milimita 0.8 kwa mzunguko mmoja. Mtasema krenki imepinda. Nasi tulilifikiria hilo, ndiyo maana tulipima ncha ya krenki yenyewe, ikawa sawa. Kisha tukarudisha puli ya kiwandani, kwa spana ileile, fundi yuleyale na utaratibu uleule, na bolti nyingine mpya. Kuyumba kukaisha na mkanda mpya ukatembea katikati. Kilichobadilika ni puli tu. Tundu la puli yenu limetobolewa kwa upande, na hapo ndipo sili ya mafuta (pete inayozuia mafuta yasivuje) ilipoharibikia, maana shingo ya puli ndiyo inayozunguka ndani ya mdomo wa sili. Shingo hiyo bado ina michirizi ya mashine ambayo ukipitisha ukucha unaisikia.

Katika majibu yenu yote mawili, si mstari wa mkanda wala kuyumba kulikoguswa. Mmezungumzia bolti tu, kama mganga mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo halikuharibu mkanda lakini linanisumbua zaidi, kwa sababu linawahusu wateja wengine. Tangazo lenu linaiita puli ya kiwandani "chuma kizito kisicho na kazi". Puli hiyo ina kitovu, duara la nje, na kati yake pete ya raba. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, na kila mwako huikunja krenki kidogo kabla haijajirudi. Raba na uzito wa duara la nje vipo ili kutuliza mtikisiko huo. Yenu ni kipande kimoja cha alumini, hakina raba wala chochote cha kushika nafasi yake. Kuna injini ambazo hazikuwekewa raba hiyo tangu kiwandani, na huko habari ni nyingine. Yangu si mojawapo, na namba yake mlikuwa nayo.

Ni kweli kwamba alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, na wepesi huo husaidia injini kupanda mizunguko haraka. Sibishani na hilo. Lakini puli yenu ni ndogo pia, kipenyo milimita 125 badala ya 150, hivyo altaneta na pampu ya maji vinazunguka polepole kwa takriban asilimia 17, hata gari likiwa limesimama kwenye foleni na taa zimewashwa. Hilo halikutajwa popote. Wala hamkuweka alama za taimingi, yaani za kupanga wakati wa injini kuwaka, ambazo fundi huzitegemea, ingawa puli ya kiwandani inazo.

Kwa hiyo naomba mnirudishie gharama ya puli, mkanda, sili ya mbele, bolti na kazi ya fundi. Risiti zote nimeambatisha pamoja na picha za rula na saa ya kupimia. Naomba pia injini hii iondolewe kwenye orodha ya magari yanayofaa kwa puli hiyo mpaka mtakapoipima upya, na wote waliokwisha kuinunua kwa injini ya aina hii wajulishwe.

Puli ninayo, haijaguswa tangu ilipotolewa. Sitaituma kwa posta halafu niambiwe imeharibikia njiani. Mleteni mtaalamu wenu na vifaa vyake, aipime mbele yangu na fundi wangu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipofika, nakala ya barua hii na viambatisho vyake nitaviwasilisha kwa mamlaka ya kulinda walaji.

Wenu,
Mteja