Kwa Nini Tunatoza Shilingi 200 Kufungua Barua Pepe ya Bure

Haipiti wiki bila mteja kutuambia hapa kaunta ya saiba yetu, duka la intaneti, kwamba tunaibia watu. "Gmail ni bure, Yahoo ni bure, hiyo mia mbili ni ya nini?" Juzi mama mmoja alishuka ngazi akiwaambia waliokuwa wakipanda wasijisumbue. Basi tuandike mara moja, na atakayeuliza tena tumwonyeshe ukurasa huu.

Ni kweli, anwani ni bure. Kama una simu na bando, fungua mwenyewe, hatutakununia. Ile mia mbili ni ya mhudumu kukaa nawe nusu saa hadi akaunti iwe yako kweli kweli, kiasi kwamba ukiibiwa simu leo jioni, kesho asubuhi unaingia kwa kompyuta yoyote na kukuta barua zako zote. Wapo wanaofungua kwa hamsini, dakika tano umemaliza. Wateja wao ndio wanaojaza benchi letu.

Kazi ya hamsini huwa hivi. Mhudumu anaweka nambari yake mwenyewe ya simu ili msimbo wa kuthibitisha umfikie haraka. Nywila anatunga yeye, mara nyingi jina lako na 1234, halafu anakuandikia nyuma ya risiti. Unatoka umeridhika. Kisha siku unajaribu kuingia kwa simu mpya, Google haikutambui, inatuma msimbo kwa ile nambari, na mwenye nambari aliacha kazi zamani.

Kijana mmoja wa Kayole alifunguliwa hivyo msimu wa kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Miaka ikapita, akaja kwetu mwishoni mwa Juni kuwasilisha ritani ya kodi. Nywila ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA (mamlaka ya mapato), ameisahau. Haya, tukabonyeza pale pa kuomba mpya, na iTax ikafanya inavyofanya siku zote: ikaituma kwenye barua pepe aliyojisajili nayo. Ndiyo hiyo hiyo isiyofunguka. Ikabidi aende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale GPO akapange foleni abadilishiwe anwani, na siku hiyo hakwenda kibaruani. Tarehe 30 ikipita, faini ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Piga hesabu mwenyewe.

Kuazima laini ya shemeji ni yale yale. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huiuza upya kwa mtu mwingine, na kuanzia hapo misimbo yako inamfikia mtu usiyemjua. Wengine hutumia anwani moja nyumba nzima. Tumewahi kumpokea mzee ambaye kila kitu chake, kuanzia PIN ya KRA hadi eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kilikuwa kwenye barua pepe ya mwanawe, na mwana mwenyewe yuko Doha, zamu ya usiku, simu hashiki. Tulimngoja mpaka saa nane mchana ndipo akaamka. Msimbo wenyewe ulishapitwa na wakati, tukaanza upya.

Kabla ya kufungua akaunti mpya, mhudumu wetu ataomba simu yako aangalie mipangilio. Wateja hudhani tunapekua. Tunatafuta akaunti uliyo nayo bila kujua. Simu ya Android haikushushii programu kutoka Play Store bila akaunti ya Google, kwa hiyo kijana aliyekuuzia simu pengine alikufungulia pale pale dukani, kwa jina alilobuni na nywila anayoijua yeye peke yake. Fundi mmoja wa mabomba aliapa hana barua pepe hata moja. Tulimkuta nazo tatu. Na simu ya namna hiyo ukiifuta yote ianze upya bila kuitoa ile akaunti kwanza, inaweza kukudai nywila yake kabla ya kukubali kufanya kazi.

Sasa, uchague ipi? Wengi tunawafungulia Gmail kwa sababu simu inaidai hata hivyo, na akaunti moja inayojulikana ni bora kuliko mbili zilizosahaulika. Ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti 1, wakati huo ni nyingi mno, hata watu wakadhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Leo ni 15, lakini hapo ndipo penye mtego: hizo 15 zinagawanywa kati ya barua, Drive (hifadhi ya mafaili ya Google) na picha, na nakala za akiba za WhatsApp za simu ya Android siku hizi zinahesabiwa humo pia. Zikijaa, barua mpya haziingii. Mpiga picha mmoja wa harusi alilalamika kwetu kwamba wateja wamemkimbia. Hakuna aliyekimbia. Barua zao zilikuwa zikirudishwa kwa sababu video za mtoto wake zilijaza nafasi yote.

Na nukta kwenye anwani ya Gmail haina maana yoyote. Ukiandika jina lako na nukta au bila nukta, barua inafika pale pale. Tafadhali msituambie tena kwamba tumempa mtu mwingine anwani yenu yenye nukta.

Outlook, barua pepe ya Microsoft, ni nzuri kwa mtu wa ofisi anayeshinda kwenye Word na Excel. Yahoo tunawakuta nayo zaidi wateja wa makamo, waliofungua enzi saiba ilikuwa inatoza kwa dakika. Kama unaitumia, endelea, ila usikae mwaka mzima bila kuifungua, kwa maana hapo wanaweza kukufutia barua. Google wao hungoja miaka miwili. Na kama nywila yako ya Yahoo ni ile ya kabla ya 2013, ibadilishe leo, kwani wizi wa data wa mwaka huo uligusa akaunti zote bilioni 3.

Proton ya Uswisi inasifiwa kwa usiri, na sifa hizo ni za haki: barua zimefungwa kwa namna ambayo hata wao hawawezi kuzisoma. Lakini ukisahau nywila na hukuhifadhi maneno ya kurejesha, utarudishiwa akaunti na barua za zamani zitabaki hazisomeki. Mteja anayesahau nywila kila Juni hatumshauri, hata akiwa ni rafiki yetu.

Hatuweki nambari yetu kwenye akaunti ya mtu, na hatuna daftari la nywila za wateja. Nywila unaiandika mwenyewe, sisi tunageuka pembeni. Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia ukiwa huna simu, kila mmoja unatumika mara moja. Tunakuprintia, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, si ndani ya kava ya simu.

Kurejesha akaunti iliyopotea ni shilingi 500 na hatuahidi kitu, kwa kuwa anayeamua ni mitambo ya kampuni yenyewe. Anayekuahidi mtandaoni kwamba ataifungua ukimtumia pesa kwanza, usimtumie.

Ukija, njoo na simu yako na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, ikiwa hewani. Wiki ya mwisho ya Juni njoo asubuhi. Kuanzia saa sita tunashughulikia ritani tu.