Mvutaji wa sigara asidanganywe na fizi zisizotoka damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze jambo kwenye makala yenu kuhusu ugonjwa wa fizi. Mmeeleza vizuri habari ya ukoga, ule utando wa bakteria unaojijenga kwenye shina la jino, na jinsi ukiachwa unavyoganda ukawa mgumu hata mswaki usiweze kuutoa. Hilo halina ubishi. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 fizi zao zote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Kilichonichoma ni ule mstari uliosema ugonjwa huu ni wa watu wasiopiga mswaki. Mimi napiga mswaki asubuhi na usiku tangu utotoni, na nimeng'olewa meno mawili ya chini kwa ugonjwa huohuo.

Nilivuta sigara miaka 16. Muda wote huo sikuona damu kwenye mswaki, nikaamini fizi zangu ni nzima. Wiki kama tatu baada ya kuacha, asubuhi moja nikatema povu jekundu kwenye sinki. Kesho yake tena. Nilidhani kuacha sigara ndiko kunakoniharibu, na nusura niirudie. Daktari wa meno alichukua kijiti chembamba chenye alama za milimita, akawa anakipitisha pembeni ya kila jino huku akimtajia msaidizi wake namba: tatu, tatu, sita, saba. Ufizi mzima hulishika jino, kijiti hakizami zaidi ya milimita 3. Kwangu mimi kilizama hadi 7, kwa sababu mfupa ulioshikilia meno yale ulikuwa umeshaliwa.

Akanieleza kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na sigara hudhoofisha kinga ya mwili. Ufizi wa mvutaji hauvimbi sana wala hautoki damu sana, kwa hiyo ugonjwa unatafuna chini kwa chini na mwenyewe hana habari. Ile damu iliyonitisha ilitoka kwa kuwa damu ilikuwa imeanza kurudi kwenye fizi, ikafichua kilichokuwa kimefichika siku nyingi. Meno mawili hayakuokolewa. Mengine yalikwanguliwa ukoga hadi chini ya ufizi, na sasa yametulia. Mfupa uliokwisha ndio umekwisha, haurudi wenyewe.

Halafu kuna sukari. Mama yangu anaugua kisukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mwili hushindwa kupambana na bakteria na fizi huchelewa kupona. Na fizi zikiwa na ugonjwa, sukari nayo inakuwa ngumu kuishusha. Yaani kila kimoja kinakichochea kingine. Kutibu fizi kunaweza hata kusaidia sukari ishuke kidogo. Mama amehudhuria kliniki ya sukari miaka 9. Wanampima presha, wanamkagua nyayo, wanampeleka kupimwa macho, na nawashukuru kwa hayo yote. Lakini katika miaka hiyo hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue mdomo. Tulikwenda kwa daktari wa meno kwa sababu yangu mimi, naye akakutwa na hali ileile.

Wako na wengine: wajawazito, ambao homoni hufanya fizi zivimbe upesi, wanaotumia fenitoini kwa kifafa au nifedipini kwa presha, dawa ambazo huweza kuzifanya fizi ziote hadi zifunike sehemu ya meno, na wanaotumia dawa zinazokausha mate mdomoni. Hawa wasiache dawa zao, ila wamweleze daktari wa meno wanatumia nini. Na kuna waliorithi tu udhaifu huo kwa wazazi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa wa fizi uliokomaa. Wote hao hatuwezi kuwaita wachafu. Neno hilo linauma, Mhariri, na linamfanya mtu aende kwa daktari akiwa amechelewa. Mimi nilikuwa nacheka nikiziba mdomo kwa kiganja muda mrefu kabla sijathubutu kumwonyesha mtu.

Mkiandika tena, tafadhali waandikieni wavutaji dalili zao, maana wakisubiri damu watasubiri sana: harufu ya mdomo isiyoisha hata baada ya mswaki, meno yanayoonekana yamerefuka kwa kuwa ufizi umeshuka, nafasi inayofunguka kati ya jino na jino, jino linalocheza ukilisukuma kwa ulimi. Hilo la mwisho nililijua miezi mingi kabla ya kile kijiti. Nililisukuma kila usiku, nikalisikia likisogea, na nikalala kwa amani kwa sababu mswaki wangu ulikuwa mweupe.

Msomaji wenu