Urea ya majaruba inaishia hewani

Mhariri,

Tangu ruzuku ya mbolea iliporudi msimu wa 2022/23, mazungumzo kuhusu mpunga wa Usukuma yamekuwa ya mifuko: nani kapata, nani kakosa, imefika lini. Naomba nafasi niseme kwamba katika majaruba (mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo) ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza yanayotegemea mvua, mavuno hayafuati idadi ya mifuko peke yake. Yanafuata pia hali ya maji siku ile urea ilipomwagwa.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Ukiurusha juu ya maji yaliyotuama, jua la mchana likiwaka, sehemu kubwa huruka ikiwa gesi ya amonia. Ukiurusha mawingu yamefunga, mvua ikapasua kingo, mbolea yako inamkuzia mpunga jirani wa jaruba la chini. Halafu mvua zetu hukatika. Jaruba likikauka siku 10 ardhi ikaanza kupasuka, naitrojeni hugeuka naitreti; maji yakirudi, vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa huigeuza gesi, nayo inakwenda zake. Ndiyo maana CAN, mbolea nyingine ya kukuzia ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tangu kiwandani, haifai jarubani hata kama inapendeza kwenye mahindi.

Kazi inakwenda hivi. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosfati, iingie kwenye tope wakati wa kuvuruga, kabla ya kupandikiza. Ikirushwa baadaye juu ya maji inalisha mwani tu. Urea igawanywe mara mbili. Ya kwanza ni wiki 2 hadi 3 baada ya kupandikiza: ziba kingo, punguza maji yabaki tope au kina cha vidole viwili, subiri umande ukauke kwenye majani, mwaga, kisha ingia kupalilia siku hiyohiyo ili miguu na mikono iizamishe mbolea kwenye tope. Usifungulie maji mengine kwa siku 3.

Mara ya pili ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanafuata kalenda. Mbegu ya SARO 5 hukomaa kwa takriban miezi minne, ile ya Supa huchelewa zaidi, na ukame wa katikati ya msimu huuchelewesha mpunga. Afadhali kuuliza shina lenyewe. Ng'oa shina mama, lipasue kwa wembe kuanzia kwenye mizizi kwenda juu, uangalie juu kidogo ya pingili ya mwisho. Ukiona kichipukizi cheupe chenye umbo la koni na manyoyamanyoya, urefu wa milimita 1 au 2, suke limeanza kuumbwa. Siku hizo ndizo za kuweka urea iliyobaki, mradi jaruba lina maji au tope bichi. Ukingoja mpunga ubebe mimba, rangi ya kijani itakolea lakini hesabu ya punje imeshafungwa.

Kwa kiasi, SARO 5 kwenye jaruba linaloshika maji inaweza kutumia vizuri mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa urea kwa ekari. Supa ni ndefu na huanguka ikishiba; nusu mfuko wa DAP na kilo 35 za urea zinaitosha. Kama mvua haijakaa sawa, ile nusu ya pili ya urea ibaki stoo. Haiozi, ila ihifadhiwe pakavu.

Vipeperushi vingi havitaji udongo, wakati wakulima wenyewe wana majina yake: luseni, itogolo, ibushi, mbuga. Kwenye ibushi, wenye vipande vyeupe vya chokaa, mpunga mara nyingi hudumaa wiki 2 hadi 4 baada ya kupandikizwa, na majani yanatoka madoa ya rangi ya kutu. Mkulima hudhani ni kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga, akang'oa, au hudhani ni njaa akaongeza DAP. Kinachokosekana ni zinki, na fosfati ikizidi huzidisha upungufu huo. Dawa yake ni zinki salfeti kilo 4 kwa ekari, ichanganywe na mchanga mkavu na irushwe peke yake, isichanganywe na DAP. Kutoa maji jarubani kwa siku chache nako husaidia.

Kwenye itogolo wenye mchanga, tatizo jingine hujengeka polepole. Zaidi ya robo tatu ya potasiamu inayochukuliwa na mpunga hubaki kwenye mabua, si kwenye punje. Ng'ombe wakiyala jarubani kisha wakalala bomani, potasiamu imehamia bomani. Irudishwe kwa mikokoteni ya samadi kabla ya kulima, kila mwaka, hata kama ni michache.

Ombi langu kwa wanaopanga ugawaji ni dogo: maelekezo ya mpunga yatengwe na ya mahindi, yataje udongo kwa majina ya wakulima, na maduka ya pembejeo huku yauze zinki salfeti kwa vifungashio vya kilo moja moja. Anayelima robo ekari anahitaji kilo moja tu.

Mkulima wa mpunga,
Maswa, Simiyu