Chumba cha kulala ambacho pia ni ofisi: usiongeze wati, gawa mwanga

Mteja anayelalamika kwamba chumba chake kina giza mara nyingi ameshabadili balbu zaidi ya mara moja: ya wati 9 ikawa 12, ya 12 ikawa 18. Usiku akikaa mezani bado anasomea kwenye kivuli cha kichwa chake. Taa iko katikati ya dari, meza imesukumwa ukutani, naye ameipa taa mgongo. Balbu kubwa zaidi inakoleza kivuli kilekile.

Balbu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu). Katika chumba cha mita 3 kwa 3.5, mwanga huo unagawanywa kwa kuta, kabati na pazia, na unaofika mezani hautimizi hata laksi 100 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu, kama meza). Kazi za kusoma na kuandika ofisini huwekewa laksi 500. Taa ya mezani yenye kofia, ya wati 5 hadi 7, ikikaa sentimita 40 au 45 juu ya meza, inavuka kiwango hicho kwa urahisi kwa sababu iko karibu. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Iweke upande wa pili wa mkono unaoandikia, na ishushe kofia mpaka usiione balbu yenyewe ukiwa umekaa.

Mchana, dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma ya kompyuta linakuumiza macho. Likiwa mgongoni linang'aa kwenye kioo cha kompyuta, na ukipiga simu ya video wakati liko nyuma yako, unaonekana kivuli kitupu. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye taabu zaidi huku kwetu, maana jua la asubuhi na la jioni linaingia likiwa chini kabisa. Pazia jepesi jeupe linatosha kulilainisha.

Rangi ya mwanga soma kwenye boksi, ni namba yenye K (Kelvin); ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa ni mweupe. 6500K ni mweupe wa kibuluu, ndio uliojaa madukani. Kwa meza tunapendekeza 4000K. Kitandani weka 2700K au 3000K, wati 3 hadi 5, kwa sababu mwanga mweupe mkali usiku unachelewesha usingizi. Swichi ya meza na ya kitanda ziwe mbalimbali, la sivyo utalala chini ya taa ya ofisi.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: umezima swichi, lakini balbu ya LED inaendelea kuwaka kwa mbali, kama kimulimuli. Wakati mwingine ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, ambacho hupitisha umeme kiduchu. Hiyo badilisha swichi tu. Lakini mara nyingine aliyefunga alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Taa inazimika, holda inabaki na umeme. Siku utakapopanda kiti kubadili balbu, kidole kikigusa chuma cha ndani, umeme unakupiga ingawa swichi imezimwa. Zima swichi kuu kabla ya kugusa, kisha mwite fundi arudishe laivu kwenye swichi. Usiizoee.

Ukitaka kuzima taa ya dari ukiwa kitandani, zinahitajika swichi mbili za tuwei, moja mlangoni na moja kitandani, na nyaya mbili za kuziunganisha. Kwa taa tunatumia waya wa milimita za mraba 1.5. Kwenye nyumba ya kupanga hatupasui ukuta. Tunapitisha nyaya ndani ya tranki ya plastiki juu ya ukuta, na ukihama inatoka. Dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, usiifunge kabla hujaona kwenye boksi kwamba balbu inakubali dima, kwani isiyokubali hupepesa, huvuma na kufa mapema.

Kabla ya kutuita, pima urefu na upana wa chumba na kimo cha dari, piga picha ya meza ukiwa umesimama mlangoni, na utuambie holda yako ni ya pini au ya skrubu.