Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: Kati ya Mei na Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule;
Afisa Elimu Sekondari;
Mkuu wa Shule, walimu na watumishi wote;
Wazazi na walezi wetu wapendwa;
Wadogo zetu wa kidato cha tano;
Mabibi na mabwana.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kula vumbi la barabara yetu. Wazazi wetu, wengine mmelala stendi mkitokea Kagera na Mtwara ili muwahi kuketi chini ya maturubai haya. Hatuna cha kuwalipa. Asanteni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mbele yako ni wahitimu wa tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Tumesoma hapa bila kulipa ada, kutokana na uamuzi wa Serikali wa mwaka 2022 wa kufuta ada ya kidato cha tano na sita. Wapo kati yetu ambao bila uamuzi huo tranka zao zisingefika getini. Tunaomba utufikishie shukrani hizo huko juu.

Habari ya kisima, ya uzio na ya upungufu wa walimu wa Fizikia umeisikia katika taarifa ya Mkuu wa Shule, tena kaisema vizuri kuliko ambavyo sisi tungeisema. Hatutairudia. Sisi tumekuja na jambo moja tu: makaratasi ya kuombea chuo na mkopo.

Mtihani wetu wa taifa ni Mei. Vyuo vikuu vinaanza kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuelekea mwisho wa Oktoba. Kwa miaka miwili shule hii imetuandaa kwa ajili ya Mei, na imetuandaa kweli: prepu za usiku, mtihani wa utamilifu, masahihisho ya Jumamosi, walimu wanaokagua bweni saa kumi alfajiri kuona nani kaamka kupiga msuli. Hofu yetu iko katika ile miezi inayofuata. Tumewauliza kaka na dada zetu waliotutangulia, na tumebaini kwamba wengi waliokosa chuo au waliofika chuoni bila mkopo hawakukwamishwa na mtihani. Walikwama kwenye makaratasi, na makaratasi hayana mwalimu wala kipindi kwenye ratiba.

Angalia kalenda yenyewe ilivyo, Mheshimiwa. Tukimaliza mtihani, wengi wetu tunaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mafunzo ambayo Serikali iliyarejesha mwaka 2013. Tunayapenda, na tunajua tutarudi tumekomaa. Lakini matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na ni kipindi hichohicho ambapo dirisha la mikopo na dirisha la udahili huwa wazi. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa Bulombora au Mafinga, yuko kwaride, huku maombi yake ya chuo yanajazwa na mtu mwingine kijijini. Simu kambini si kitu cha kushika utakavyo. Anayejaza ni mjomba, na mjomba naye hana simu janja, anampelekea kijana wa steshenari.

Hapo ndipo lilipompata dada mmoja wa mwaka jana, ambaye ametukubalia tulisimulie bila kumtaja. Aliyemjazia fomu aliweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe, akisema anarahisisha kazi. Dada akachaguliwa vyuo viwili, jambo la kushangilia. Utaratibu unasema ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja ni lazima uthibitishe kimoja, ndani ya siku zilizopangwa, kwa kutumia namba maalumu unayotumiwa kwenye simu. Namba ikatumwa. Ikafika kwenye simu ya mtu wa steshenari, ambaye siku hizo alikuwa amehamia mji mwingine kibiashara. Dada alirudi kutoka kambini akiwa na sare yake na cheti cha JKT, akakuta awamu imefungwa. Alingoja awamu iliyofuata, akaipata kozi ambayo hakuiota hata siku moja. Anaisoma. Anasema ameanza kuizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Jambo jingine ni majina. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na ZCSRA, wakala kama huo kwa wenzetu wa Zanzibar. Tulipoanza kulinganisha vyeti vyetu mwaka huu, bweni zima liligeuka ofisi. Kuna ambaye cheti cha kuzaliwa kina majina mawili na cha kidato cha nne kina matatu. Kuna ambaye jina la tatu huku ni la babu na kule ni la ukoo. Isa wa cheti kimoja ni Issa kwenye kingine. Kwa muuza duka wa hapa getini Isa na Issa ni kijana yuleyule anayekopa vitumbua, lakini kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili, na mmoja wao hana cheti. Kurekebisha kunawezekana, kwa kiapo na kwa kufuata taratibu za RITA, ila kunataka muda, nauli na mtu mzima wa kukusindikiza. Kijana aliye kwaride Julai hana hata kimoja kati ya hivyo.

Mwenzetu mmoja wa HGL alifiwa na baba akiwa darasa la tatu. Ili Bodi imtambue kuwa ni yatima anatakiwa kuwa na cheti cha kifo kilichohakikiwa. Baba alizikwa kijijini, na karatasi pekee waliyo nayo nyumbani ni barua ya mtendaji wa kijiji ya kuombea ruhusa ya msiba, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama. Hakuna aliyewaambia kwamba kifo nacho husajiliwa. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha aliligundua hili mwezi wa kumi, akawasiliana na familia, na mama amekwenda wilayani kwao mara kadhaa tangu hapo. Cheti kimetoka Februari. Tuna hakika kabisa kwamba kama lingegunduliwa Julai, mwenzetu angeomba mkopo kama mtoto mwenye baba na mama.

Na ndiyo maana tunataka kumtaja mwalimu huyo kwa cheo chake, kwa kuwa jina hataki tulitaje. Mwalimu wa ushauri nasaha alitupa saa moja kila Jumamosi baada ya usafi, bila posho, akatufundisha mambo yasiyotoka kwenye mtihani wowote. Alianza na pointi. Wazazi wetu, mtusikilize kidogo hapa maana linawachanganya wengi. Baraza la Mitihani likipanga madaraja, A ni pointi 1, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi, na daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. Ukienda kwenye udahili wa chuo kikuu, hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Sifa ya chini ya jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yanayohitajika na kozi husika, yenye jumla ya pointi 4. Kwa hiyo mtoto akikupigia simu akasema "nina pointi nne", muulize kwanza za wapi, kabla hujachinja kuku au kununa.

Akatufundisha pia kusoma mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, kozi kwa kozi. Wapo wa CBG waliokuwa wakiota udaktari wa binadamu tangu kidato cha kwanza, na ni kwenye darasa lile la Jumamosi walipoelewa kwamba kozi ile inadai Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, kila moja D au zaidi. Kulikuwa na kimya siku hiyo. Wiki iliyofuata walewale walirudi na orodha ya kozi za kilimo, mifugo na mazingira za Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, wakibishana ipi ina ajira. Wa EGM nao walitoka na takwimu bima na uchumi. Afadhali mtu ajue Oktoba akiwa darasani kuliko kuambiwa na mfumo Agosti.

Kuhusu mkopo wenyewe, tumeelezwa kwamba ni mkopo, siyo zawadi, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hilo tumelipokea. Tunalotaka ni kuuomba vizuri: mdhamini mwenye kitambulisho, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, sahihi ya wakili au hakimu, namba ya TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa kaya zilizomo, fomu ya mganga kwa mwenye ulemavu. Kila kimoja ni kidogo. Vikikosekana viwili, jina lako linaonekana kwenye orodha ya wenye kasoro, na wewe uko kambini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Changamoto hazikosi maombi, na ya kwetu ni machache, tena tumeyapima tukaona yako ndani ya uwezo wa wilaya.

Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya wilaya ipo kwenye jengo lako. Tunaomba kila mwaka, mwezi wa tisa au wa kumi, maofisa wake waje shuleni hapa kwa siku moja, pamoja na wa NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na wakili mmoja wa kujitolea, wakae ukumbini na kukagua vyeti vya kidato cha sita kimoja baada ya kingine. Tunafahamu kwamba wengi hapa wametoka mikoa mingine na vyeti vyao havikutolewa katika wilaya hii. Hata hivyo ofisa mzoefu akikiangalia cheti kwa dakika tano atamwambia mtoto kina tatizo gani na aanzie wapi, na hiyo ni nusu ya safari.

Pili, chumba cha kompyuta. Kompyuta zipo 12, zinazowaka ni 5, na intaneti hukatika bando la ofisi likiisha. Tunaomba zilizobaki zitengenezwe na chumba kiwe wazi Juni hadi Septemba, hata kwa siku mbili za wiki, ili mhitimu au mzazi wake ajaziwe fomu na mwalimu anayemjua, kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Kila mmoja wetu sasa anayo barua pepe. Tulifungua wote Jumamosi moja, na nywila tumeandika kwenye daftari la nyumbani. (Mwalimu, tunajua ulisema tusiandike. Tumeandika.)

Tatu, tunaomba utufikishie ombi kwa wahusika wa makambi, kwamba madirisha ya mikopo na udahili yanapofunguliwa, kuruta apewe muda maalumu wa kushika simu na kufuatilia maombi yake. Hatuombi kupunguziwa mchakamchaka.

Wadogo zetu wa kidato cha tano, tunawaachia daftari. Ndani yake kila aliyehangaikia karatasi ameandika alikokwenda, alichoulizwa na kilichomrudisha. Liko kwa kaka mkuu. Anzeni likizo hii ya Juni: mkifika nyumbani ombeni vyeti vyote, vipangeni kitandani, someni majina herufi kwa herufi. Msingoje kuwa kidato cha sita. Na kama kuna mzazi aliyefariki, ulizeni cheti cha kifo kiko wapi, hata kama ni vigumu kuuliza.

Kwa wale miongoni mwetu ambao Julai itawapa chini ya walichotarajia, tumekubaliana kutokimbiana. Ipo njia ya stashahada, ambayo kwa ufaulu wa wastani wa alama (GPA) wa 3.0 inakupeleka shahada, na vipo vyuo vya ufundi. Wapo walimu wanaotufundisha hapa waliopita njia hiyo, na wametwambia wenyewe.

Walimu wetu, tumewachosha, mtusamehe. Matroni na patroni, wapishi, walinzi na bibi wa zahanati, asanteni kwa uji wa moto na kwa kutufungulia geti usiku tulipougua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima, pamoja na risala hii tunakukabidhi orodha ya wahitimu ambao vyeti vyao bado vina kasoro, kila mmoja na aina ya kasoro yake na wilaya alikozaliwa. Imeambatishwa ukurasa wa nyuma. Mtihani unaanza Mei. Zimebaki wiki chache za kulishughulikia tukiwa bado tuko pamoja hapa.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwako na wahitimu wa kidato cha sita.