Barua ya wazi kwa Gavana wa Colorado: mji wa tarishi wenu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Colorado,
Denver.

YAH: MAJENGO YALIYOBAKI DEARFIELD

Mheshimiwa, naandika kwa Kiswahili nikijua ofisi yako haikosi mtu wa kutafsiri. Huku Greeley wasemaji wa Kiswahili tupo, wengi wakiwa ndugu zetu wa Kongo wanaoshinda kwenye viwanda vya nyama. Usiponisoma wewe, watanisoma wao.

Naanza na mtumishi wa ofisi yako. Oliver Toussaint Jackson, mzaliwa wa Ohio mwaka 1862, alikuja Colorado mwaka 1887, akafanya biashara ya chakula, kisha akawa tarishi wa gavana. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na kufungua milango. Lakini kichwani alikuwa na mji mzima: makazi ya watu weusi wanaolima ardhi yao wenyewe. Mwaka 1910, kwa msaada wa Gavana John Shafroth, akajiandikishia ekari 320 mashariki ya Greeley. Ndiyo ikawa Dearfield. (Ardhi hiyo ilikuwa ya Wacheyenne na Waarapaho kabla serikali haijaanza kuigawa. Hilo nalo lisemwe.)

Waliomfuata wengi walitoka Denver. Walikuwa wapishi, wafagizi, wafuaji nguo, watu ambao jembe walilisikia kwa wazee wao. Majira ya baridi ya mwanzo familia zilikuwa saba na nyumba za mbao mbili tu. Wengine walilala kwenye mahema, wengine kwenye mashimo waliyochimba kilimani. Kuni hazikuwepo, wakawasha samadi kavu na vichaka. Farasi walikufa kwa baridi na njaa, na waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuvuta hata gari tupu. Wanaume wengi walikwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya Wazungu ili pesa ipatikane, huku wake zao wakibaki kushikilia shamba, maana sheria ilimtaka mwenye ardhi aishi hapo na kuilima. Wapo pia wanawake waliojiandikishia ardhi kwa majina yao.

Wakafanikiwa, Mheshimiwa. Mahindi, shayiri, maharage, viazi, matikiti, kuku, bata mzinga. Wakajenga shule, makanisa, mgahawa, kituo cha mafuta na ukumbi wa dansi ambao watu walitoka Denver kuufuata. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya mazao ilipanda, nao wakapumua.

Kisha vita vikaisha, bei ikaanguka, na mvua ikakata. Hapa ndipo watu wanapopenda kusema kwamba walishindwa. Mimi nakataa. Mto South Platte unapita karibu na Dearfield, lakini kwa sheria ya maji ya Colorado aliyewahi kuchukua maji ndiye mwenye haki ya kwanza, na ilipofika 1910 maji yale yalikuwa na wenyewe. Watu wa Dearfield wakalima kwa kutegemea mvua, juu ya mchanga, na mto wanauona. Dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zilimalizia tu. Mwaka 1940 watu waliobaki walikuwa 12. Jackson alifariki mwaka 1948. Mpwa wake Jenny, mkazi wa mwisho, alifariki mwaka 1973.

Tangu 1995 mahali hapa pamo katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Orodha haiezeki paa. Jumba la makumbusho la Denver linalohifadhi historia ya watu weusi wa Magharibi, pamoja na wasomi wa chuo kikuu cha hapa Greeley, wamehangaika miaka mingi na eneo hili. Nawashukuru. Lakini upepo wa nyanda hizi haungoji mtu amalize kuandika maombi ya ruzuku, na magari yanapita kasi barabara ya 34 bila dereva kujua amepita wapi.

Ombi langu ni moja. Ofisi yako itenge fedha za kila mwaka, ndani ya bajeti ya jimbo, kwa ajili ya paa, kuta na fundi wa kuyaangalia majengo yaliyobaki, nyumba ya Jackson ikiwa ya kwanza. Nasema ofisi yako kwa sababu ndiyo iliyomwajiri, na ndiyo iliyomsaidia kuandikisha shamba. Na ukiweka bango pale, liandikwe habari ya maji, isiwe ya ukame peke yake.

Ukija kukagua, pitia Greeley. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, na tutakaokusindikiza tupo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Greeley, Kaunti ya Weld